Talaka Tatu Kabla ya Chakula cha Mchana

Kazija aliachwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana, siku ya Jumanne, na baada ya mara ya kwanza na ya pili aliombwa kwa adabu arudi pale alipokuwa amesimama ili aachwe tena, kwa kuwa taa haikukaa sawa.

Taa yenyewe ilikuwa moja tu, lakini ungeiwasha Pemba, karafuu za msimu mzima zingekauka kabla ya adhuhuri. Wanaume wanne waliipandisha kwa ngazi wakipokezana mpaka ghorofa ya tatu, mtaa wa Dengfeng, na ilipowaka ndani ya chumba cha Kazija na mumewe Abdulhadi, mjusi aliyekuwa anaishi ukutani aliondoka na hakuonekana tena mwaka ule. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1998, na Guangzhou ilikuwa tayari inachemka bila msaada wa mtu.

Filamu ilikuwa ya Kidenishi, ila ndani yake hakuna aliyesema Kidenishi. Ndinda ndiye aliyewaeleza. Huyu alikuwa Mkamba wa Machakos aliyekuja China kununua viatu, viatu vikamshinda, akageuka mkalimani. Alisema ni filamu ya kutia hofu, lakini si ya mizimu wala ya bunduki, ni hofu ya ndani ya kichwa cha mtu. Mhandisi mmoja wa Denmark amepanga chumba Guangzhou. Ukuta ni mwembamba. Upande wa pili wanaishi mume na mke Waafrika wanaogombana kila siku, naye haelewi hata neno. Anasikiliza, anasikiliza, mpaka anaamini kwamba yule mume atamuua mkewe, na kutoka hapo akili inaanza kumtoka. Wazungu wote watasema Kiingereza ili filamu iuzike kuanzia Amerika mpaka Japani. Maneno ya Waafrika hayatafasiriwa, ili mtazamaji naye apotee kama mhandisi.

"Kwa hivyo semeni kitu chochote," Ndinda alisema. "Merete anasema hakuna mtu duniani atakayeelewa."

Merete ndiye aliyekuwa mwongozaji, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi kama za mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kazija alimtazama juu mpaka chini. "Hakuna mtu duniani," alisema. "Na sisi?"

Ndinda hakulifasiri hilo.

Jaribio la kwanza waligombana juu ya mchele. Abdulhadi alisema umeungua, Kazija akasema haukuungua, na Merete akawasimamisha akisema wanasikika kama watu wanaojuliana hali. Halafu akatia mambo yake mawili. La kwanza, waitane kwa majina yao, kwa sababu jina la kweli hulibadilisha koo. Hawa walikuwa na binti yao, Nahla, aliyekuwa Unguja kwa bibi yake, na kwa miaka kumi walikuwa wakiitana Baba Nahla na Mama Nahla. Abdulhadi mara ya mwisho kulitaja jina la Kazija ilikuwa mbele ya kadhi. La pili, Merete alitaka amwambie mkewe neno baya kuliko yote ambalo mume wa kwao anaweza kumwambia mke.

Abdulhadi hakuhitaji muda wa kufikiri. Kazija aliliona neno likipanda usoni pake kabla halijafika mdomoni.

"Baba Nahla, hilo usiseme."

"Mchezo tu, Mama Nahla."

"Hilo halina mchezo. Hata mtoto wa chuoni anajua."

"Kamera inakula filamu. Simama vizuri."

Akasimama. Kamera ilikuwa nje ya chumba, ikichungulia kwenye tundu walilotoboa kwenye ubao, kwa idhini ya mama mwenye nyumba ambaye alikuwa ameshalipwa tundu lake. Abdulhadi akasema: Kazija, nimekuacha. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Taa ikarekebishwa. Akasema mara ya pili, safari hii kwa kelele na mikono, kama mnadishaji. Merete akamwendea Ndinda akamnong'oneza, Ndinda akamwendea Abdulhadi akamnong'oneza sikioni, na uso wa Abdulhadi ukabadilika. Mara ya tatu hakupaza sauti. Alilitoa polepole, kila herufi na mahali pake, huku anamtazama mkewe kama mtu anayefunga duka asilokusudia kulifungua tena.

 Kisha Merete akatamka neno moja la kwao, na Wadenishi wakaanza kupiga makofi.

Mlangoni, katikati ya maboksi ya mikoba, alikuwa amesimama Rahim, jirani wa chumba cha mbele, Mmombasa muuza vitambaa, akila biskuti za watu wa filamu. Hakupiga makofi. Aliinua mkono wake na vidole vitatu vikiwa juu, akamwonyesha Abdulhadi, akauma biskuti.

*

Ndinda alileta bahasha mbili. Abdulhadi akazipokea zote mbili, akazitia mfuko mmoja.

Walipoondoka wageni na taa yao, Kazija hakukaa kitandani. Alikaa juu ya boksi na ushungi wake kichwani.

"Mimi ni nani wako sasa?" aliuliza.

Abdulhadi alicheka. Alieleza kwa kirefu kwamba aliyesema si yeye, ni mtu wa kwenye filamu. Kwamba watu wa filamu wanauawa kila siku na jioni wanakula wali. Kazija akamwacha amalize.

"Mtu wa kwenye filamu jina lake nani?"

"Hana jina."

"Na mkewe?"

Jibu lilikuwa limekaa mbele ya Abdulhadi juu ya boksi.

Kazija akaanza kujenga. Maboksi yaliyongoja kontena yalikuwa arobaini na mawili, yote mikoba ya Shiling, mji ule wa ngozi walikokwenda kwa basi kila wiki. Aliyapanga moja juu ya moja, kutoka dirishani mpaka kwenye jiko la gesi, ukuta ulionyooka kiasi ambacho fundi mwashi wa Mwembetanga, kule Unguja, angeuonea wivu, na kitanda kikabaki upande wa mume. Upande wake alitandika mkeka. Abdulhadi alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, hakunyanyua hata boksi moja.

"Unajifunika ushungi mbele yangu?"

"Mbele ya mwanamume asiye mume wangu, ndivyo nilivyofundishwa."

"Nani kakwambia si mume wako?"

"Wewe. Mara tatu. Kuna ushahidi, umo ndani ya kopo la filamu."

Abdulhadi akaupiga ukuta teke. Boksi la chini likatoboka, mkono wa mkoba mwekundu ukachungulia nje, na ukabaki hivyo.

*

Xiaobei, eneo lao la wafanyabiashara wa Kiafrika, wakati ule haikuwa kubwa. Mtu akipiga chafya kwa wabadilisha fedha, kwa mawakala wa mizigo anaombewa afya. Kufikia Jumatano asubuhi hakuna Mswahili asiyejua. Kwa Najat, pale wanapokula biriani, Abdulhadi aliwekewa sahani bila kuulizwa habari za mama watoto, na hilo lilimuuma kuliko kuulizwa. Mkenya mmoja, Kariuki wa Nairobi, alimwita kwa sauti kutoka meza ya mwisho, akamwambia asijali, mzee, huyo Mdenishi na kamera yake si watakupikia. Meza tatu zilicheka. Abdulhadi aliacha biriani nusu na kulipa nzima.

Kazija alikwenda kwenye kibanda cha simu. Kilikuwa na simu nne zilizotenganishwa kwa vipande vya mbao visivyofika hata mabegani, na foleni ilisimama mgongoni mwa anayepiga. Laini ya Unguja ilikuwa mbovu siku hiyo. Ukitaka kusikika, lazima upaze. Alimpigia Mzee Abass, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyemwozesha kama walii wake siku ya nikahi. Alitaka kusema taratibu. Mzee Abass hasikii taratibu.

"Nimeachwa," alisema.

"Umefikwa na nini?"

"Nimeachwa, ba'mdogo. Na Baba Nahla."

"Ngapi?"

Foleni ilisogea karibu. Hata Mchina mwenye kibanda, asiyejua lugha, aliacha kubonyeza kikokotoo chake.

"Tatu," Kazija alipaza.

Akaeleza habari ya filamu, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uwongo wa kutunga hata masikioni mwake mwenyewe. Mzungu, tundu ukutani, taa. Mzee Abass alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba kwenye talaka mzaha na kweli ni kitu kimoja, kwamba tatu ni tatu hata zikisemwa ndani ya sinema, na kwamba arudi nyumbani na ndege ya kwanza kabla ya kuleta aibu ya pili. Akauliza kwa nini mwanamke wa watu aliruhusu kupigwa picha. Laini ikakatika yenyewe.

Kazija alilipa. Alipogeuka, foleni ilimpisha kwa upana, kama anavyopishwa mtu aliyebeba ndoo ya maji machafu.

*

Alhamisi Rahim alipiga hodi. Alivaa kanzu safi na kofia, amejifukiza udi, na akakaa upande wa Abdulhadi akisema kwa sauti ya kupita juu ya maboksi. Alianza kwa kusikitika. Akasema mke aliyeachwa tatu, kama wote wanavyojua, hamrudii mumewe mpaka aolewe na mwanamume mwingine na kuachwa naye. Sasa ugenini huku mwanamume mwaminifu atapatikana wapi? Yeye, kwa ajili ya ujirani na kwa radhi za Mwenyezi Mungu, yuko tayari kubeba mzigo huo mara eda itakapokwisha. Wiki moja tu. Tena hataki chochote, labda nafasi kidogo kwenye kontena kwa ajili ya majora yake.

Abdulhadi alimpiga kwa kitu cha karibu, nacho kilikuwa mkoba wa ngozi wenye bizimu ya shaba. Rahim akatoka na alama ya bizimu shavuni, mraba kamili, unaweza kusoma chapa ya kiwanda.

Kazija alikuwa amesikia yote. Sauti yake ilikuja kutoka nyuma ya maboksi, kavu.

"Umempigia nini? Kasema sheria."

"Unamtetea?"

"Nakuuliza tu. Maana kama ni mume mwingine, nitamchagua mimi, na sidhani kama atakuwa wa wiki moja."

"Kazija."

"Umelizoea sasa jina."

Abdulhadi akavuta pumzi kwa kelele. Alisema yeye anateseka, watu wanamcheka, na yeye mke amekaa nyuma ya maboksi kama malkia. Kwamba tangu wafike China kichwa chake Kazija kimekuwa kikubwa. Kwamba pale Shiling wenye viwanda wanamwita yeye laoban, bosi, badala ya mumewe, naye hata siku moja hakuwasahihisha.

"Wanamwita laoban anayejua ngozi," Kazija alisema. "Wewe unanusa plastiki unasema ndama."

*

Ijumaa walikwenda kwa ahong, imamu wa Kichina, mzee mwenye ndevu chache unazoweza kuzihesabu moja moja. Ndinda ndiye aliyefasiri. Abdulhadi alijivunia Kiarabu chake cha chuoni, lakini kilimwishia kwenye salamu, ikabidi Mkristo wa Machakos asimame kati ya Waislamu watatu akipitisha talaka kutoka Kiswahili kwenda Kichina. Aliifanya kazi hiyo bure na macho yake hayakuinuka kutoka sakafuni.

Ahong aliuliza maswali kama fundi saa anayefungua kifuniko. Maneno yalikuwa yapi? Jina lilitajwa? La kweli? Alilipwa ili aseme? Alipewa maneno au aliyatunga? Mwishoni akauliza lile ambalo wengine wote hawakuuliza: moyoni kulikuwa na nini?

Abdulhadi alisema kulikuwa na kazi tu.

Ahong akafikiri muda mrefu, chai yake ikapoa. Kisha akasema kwamba kuna wanavyuoni watakaosema tatu zimekwisha kupita, na yeye hawadharau. Lakini anayesoma kwa sauti barua ya mtu mwingine hakuiandika yeye. Abdulhadi akiweza kuapa, na mkono wake juu ya Msahafu, kwamba mara zote tatu alikuwa anasema maneno ya mtu wa kwenye mchezo na hakumkusudia mkewe, basi ndoa ipo. Aende akautazame moyo wake, arudi Jumapili.

Abdulhadi alitoka amepanuka kifua. Barabarani alizungumza bila kusita: Jumapili ataapa, maboksi yatashuka, na huyo Mzee Abass atapigiwa simu aambiwe. Kazija alitembea hatua tatu nyuma yake, pamoja na Ndinda.

"Mara ya tatu," alisema, "Ndinda alikunong'oneza nini?"

Abdulhadi aliendelea kutembea. Ndinda akasimama.

"Merete alisema amfikirie mtu aliyemfanya ajione mdogo," alisema Ndinda. "Ni hivyo tu. Haki ya Mungu, Mama Nahla, ni hivyo tu."

"Ulimfikiria nani?" Kazija aliuliza mgongo wa mumewe.

"Yule mwenye kiwanda wa Shiling," mgongo ulijibu. "Alikupa mkono wewe, mimi akanipa mkoba wako nikushikie. Nikaushika saa nzima. Nilimfikiria yeye, si wewe. Nitaapa kwa hilo na sitatetemeka."

Kazija alimtazama, akajua kwamba ni kweli. Abdulhadi alikuwa na makosa mengi, lakini kuapa uwongo hakuwezi. Akijaribu hutokwa na jasho masikioni. Masikio yalikuwa makavu. Hapo ilimpasa kufurahi, na akangoja furaha ije. Walivuka barabara, wakapita wauza kadi za simu, wakapanda ngazi ghorofa tatu, na ilikuwa bado haijafika.

"Nataka kuiona," alimwambia Ndinda mlangoni.

*

Wadenishi walikaa hoteli yenye zulia mpaka kwenye lifti. Merete alikubali bila shida; alifurahi hata. Filamu yenyewe ilikuwa maabara, lakini kulikuwa na mkanda wa video uliorekodiwa pembeni wakati kamera inazunguka, na Jumamosi asubuhi alimkalisha Kazija mbele ya televisheni ndogo, akampa maji ya chupa. Abdulhadi hakwenda. Alisema hana haja ya kujitazama akifanya kazi.

Kazija alikuja kutafuta kitu kimoja, uso wa mumewe. Mara ya kwanza akauona: mtu anaagiza chai. Mara ya pili: mnadishaji. Mara ya tatu akasogeza kiti. Alitazama macho yale ya kufunga duka, akatafuta ndani yake chuki iliyomhusu yeye. Hakuiona. Aliona mwanamume aliyeumia juu ya jambo fulani la mbali, kalishikilia kama mkoba usio wake. Ahong angepata kiapo chake safi.

Halafu picha haikukatika. Kamera ilihama, ikamwacha Abdulhadi, ikamjia yeye.

Hakujua kama walimpiga picha yeye pia. Alijiona amesimama kando ya dirisha, mkufu wa mahari shingoni uking'aa chini ya ile taa. Neno la mwisho likatoka. Na yule mwanamke kwenye televisheni hakushtuka, hakulia, hakushika mdomo. Mabega yake yalishuka. Yalishuka polepole, pamoja, kama ya mchukuzi aliyetuliwa gunia bandarini, na pumzi ndefu ikamtoka, na kwenye pembe ya mdomo kikapita kitu ambacho mtu angeweza kukiita kwa jina lake kama asingekuwa anakiogopa.

"Rudisha," alisema Kazija.

Wakarudisha. Mabega yakashuka tena. Akaomba mara ya tatu, na mabega yakashuka kwa mara ya tatu.

Merete alikuwa anasema kitu kwa haraka, mikono juu. Ndinda alifasiri kwa shida. "Anasema hii ndiyo filamu yote. Anasema yule mhandisi anarukwa na akili kwa kudhani wewe unaogopa. Watazamaji wote watadhani hivyo. Halafu wataona hii." Akamsikiliza Merete tena. "Anauliza ulifanyaje. Anasema hata waigizaji wake wa kulipwa hawawezi."

Kazija alifunika chupa ya maji, akairudisha mezani ikiwa imejaa.

"Mwambie sijui," alisema. "Mwambie ningejua nisingefanya."

*

Jumapili Msahafu ulikuwa tayari juu ya kitambaa cha kijani. Abdulhadi alikuwa ametawadha mara mbili kwa hakika zaidi. Alinyoosha mkono.

"Asiape," alisema Kazija.

Ndinda alimtazama. Ahong alisubiri afasiriwe, na kabla hajafasiriwa alikuwa ameshaelewa; akainua kiganja kumzuia Abdulhadi.

"Ataapa kweli," Kazija alisema. "Nimeuona mkanda, na mimi nashuhudia. Yeye alikuwa anaigiza." Akauweka sawa ushungi. "Mimi sikuigiza."

Abdulhadi aliuliza ana maana gani, na akauliza tena kabla ya kujibiwa. Kazija alieleza mabega. Alieleza bila kupamba, kama anavyoeleza mkoba wenye kasoro: hapa pameshonwa, hapa hapajashonwa. Alisema alidhani yeye ndiye aliyeachwa, na amelia siku nne kwa kudhani hivyo, kumbe analia kwa desturi. Alisema hamchukii. Alisema tu kwamba aliambiwa aondoke na mwili wake ukashukuru kabla hajaupa ruhusa.

"Ni yule mwanamke," Abdulhadi alisema. "Kakutia maneno."

"Hajui hata neno moja la kwetu. Ndiyo maana kaona."

Ahong akasema, taratibu, kwamba basi hili si suala la talaka ya mume tena. Mke akitaka kujitoa, mlango upo, unaitwa khului. Arudishe mahari aliyopewa, na mume akubali. Akauliza mahari ilikuwa nini.

Kazija alipeleka mikono nyuma ya shingo. Kifungo cha mkufu kilikuwa kimekaa miaka kumi na mmoja bila kufunguliwa na kilishika. Alipambana nacho muda mrefu, ushungi ukateleza, kucha ikakatika. Watu watatu walimtazama na hakuna aliyemsaidia. Ahong na Ndinda kwa adabu, Abdulhadi kwa kiburi. Kilipoachia, mkufu ukaanguka juu ya meza kwa sauti ndogo.

"Sipokei," alisema Abdulhadi.

Ahong akanywa chai.

"Utarudi Unguja na nini? Utamwambia nini Mzee Abass?"

"Sirudi. Yeye keshaambiwa tatu, moja ya ziada ya nini?" Akamgeukia Ndinda. "Muulize ahong kama eda inanizuia kwenda kazini mchana."

Kwa riziki haimzuii, ahong alisema.

"Basi nakwenda Shiling kesho."

 Nje muuza tikiti maji alikuwa anapiga kelele za bei, akaishusha, akaishusha tena. Abdulhadi aliuangalia mkufu kama anayeangalia mnyama asiyejua kama anauma. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe, ukauchukua, na kwa mazoea ya biashara yasiyomwomba mtu ruhusa, ukaupima uzito, juu, chini, kiganjani.

Kazija aliona. Ndinda naye aliona, akatazama dirishani.

Ndipo Abdulhadi akalisema lile neno, safari hii bila taa na bila kunong'onezwa, na mara moja ikatosha.

*

Abdulhadi alihamia chumba cha mbele, kwa Rahim. Watu wa Xiaobei hawakuamini mpaka walipowaona wote wawili ngazini wamebeba godoro, mmoja na alama ya bizimu shavuni, wakilaumiana nani anaburuta.

Jumamosi iliyofuata Ndinda alipiga hodi kwa Kazija, amesimama nusu nje nusu ndani. Alisema ametumwa na anaona aibu. Maabara imeharibu filamu. Picha ya tatu yote imeungua, na mkanda wa video hauwezi kuonyeshwa kwenye sinema. Merete anaomba wairudie, nusu saa tu, malipo mara tano na bahasha ya kila mtu mkononi mwake mwenyewe. Bwana Abdulhadi amekubali. Kazija asimame dirishani kama siku ile, mkufu uwe shingoni, na afanye vilevile kwa mabega.

Kazija alikuwa juu ya kiti, anashusha maboksi. Ukuta ulikuwa umebaki nusu. Jua la dirishani, lililokuwa limezuiwa siku zote hizo, lilikuwa limefika mpaka kwenye jiko. Alishuka, akaliinamia boksi lile lililotobolewa kwa teke, akausukuma mkono wa mkoba mwekundu ndani.

"Mwambie asingoje," alisema. "Mabega yakishashuka hayashuki tena." Akamwonyesha kwa kidevu. "Kontena linaondoka saa nane. Shika upande huo."